Tezo Bila Mpini

Mutanu Muema hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote pale Doonside, magharibi mwa Sydney, kama anajua kuchonga, na hata angeulizwa angekataa. Angekwambia yeye ni mhudumu wa wazee, miaka kumi na miwili sasa, katika nyumba moja ya wazee kule upande wa Bankstown. Ukimbana sana angekiri kwamba baba yake ndiye mchongaji. Yeye alikuwa mpiga msasa tu. Hilo "tu" alilisema bila kujisikitikia, kama mtu anavyotaja kimo chake.

Sasa ngoja nikueleze huo msasa, maana bila huo hakuna cha kusimulia. Wamunyu, Ukambani, alikozaliwa Mutanu, kuchonga ilikuwa kazi ya wanaume. Mwanamume huketi chini, akabana gogo kwa nyayo zake, akalipiga kwa tezo mpaka twiga atokeze. Twiga akishatokeza hukabidhiwa wanawake na watoto, wao ndio humsugua kwa msasa mpaka ang'ae, kisha wakampaka rangi ya viatu ili mtalii aone mpingo mahali ambapo kuna jakaranda. Mzee Muema, baba yake Mutanu, alikuwa na kibanda chake kando ya barabara, na watu waliokuja kujifunza kwake aliwapokea kwa ukali. Aliwapa chuma kitupu cha tezo, wakajichongee mpini wenyewe, ndipo wamguse mnyama. Mutanu naye alipewa msasa akiwa na miaka sita.

Alikuwa hodari wa msasa, tena sana. Wenzake walisugua mgongo na mbavu, pale mteja anapopitisha kiganja, wakamaliza wakaenda kucheza. Mutanu alisugua mpaka nyuma ya masikio. Alisugua mpaka chini ya kitako, mahali pasipoonwa na kiumbe yeyote isipokuwa meza. Dada zake walimcheka wakamwita fundi wa makalio. Mzee Muema hakumcheka wala hakumsifu. Alikuwa na mazoea ya kumchukua kila mnyama aliyekamilika, akampindua miguu juu, akamtazama chini, kisha akamweka kwenye rafu bila neno lolote.

Alipofika miaka kumi na minne akashika tezo. Baba alikuwa amekwenda matangani, kibanda hakina mtu, na tembo wa oda ameketi pale na masikio yake makubwa yanayongoja kupunguzwa. Tezo la baba lilikuwa zito, mpini wake umekuwa mweusi kwa jasho la miaka. Mutanu akaliinua kwa mikono miwili, akapiga pigo moja, na sikio zima likaruka hadi barabarani.

Mzee Muema aliporudi aliliokota lile sikio, akalitazama, akamtazama binti yake, akasema maneno matatu. "Kazi yako msasa." Hakupaza sauti. Angepaza sauti ingekuwa nafuu, kwa sababu makelele ya wazazi husahaulika, lakini kile kilichosemwa kwa sauti ya chini hakikutoka. Mutanu alipanda nacho ndege mwaka 2008 alipokuja Sydney kusoma. Akaajiriwa nacho, akaolewa nacho na Kinuthia, Mkikuyu wa Limuru mwenye maneno mengi anayeendesha fokolifti katika ghala moja Smithfield, akamzaa nacho Jerusha. Wala usidhani alikuwa mtu wa huzuni. Alicheka kuliko wote nyumbani kwake. Ila kila alipopita dukani akaona kinyago cha mbao, alikipindua kutazama chini, na kila mara alisonya.

Basi ikaja lokdauni ya mwaka 2021. Julai, baridi ya kung'ata masikio, Sydney nzima imefungiwa ndani, na sisi wa magharibi, mimi jirani yao nikiwemo, tumefungiwa kuliko wengine. Mutanu alikuwa na kibali cha kwenda kazini, lakini mfanyakazi mwenzake mmoja akapimwa akakutwa na virusi, na wote waliokuwa shifti moja naye wakaambiwa wajitenge siku kumi na nne. Nyumba yao ina bafu moja. Kinuthia akapeleka godoro gereji, ambako kuna choo kidogo na sinki la kufulia, akamwekea na hita.

"Fikiria uko hotelini," alimwambia kupitia mlango.

"Hoteli gani ina mashine ya kukatia nyasi kitandani?"

"Ya nyota moja. Nyota yenyewe ni wewe."

Ndani ya ile gereji mlikuwa na magogo mawili. Mwezi Juni upepo ulikuwa umeangusha mkafuri mkubwa uliokuwa mbele ya nyumba, watu wa kaunsili, yaani halmashauri ya mji, wakaukata vipande, na Kinuthia, ambaye hapitwi na cha bure, akaomba viwili akavibingirisha ndani bila kujua atavifanyia nini. Mkafuri una harufu kali ya kafuri, inapanda puani moja kwa moja. Mutanu aliigundua faida yake asubuhi ya kwanza. Kila akiamka aliinama akalinusa gogo, akisikia harufu anajua bado mzima. Halafu anampigia simu Marie-Jeanne, rafiki yake wa kazini, mama wa Kikongo kutoka Butembo, ambaye naye alikuwa amejitenga kwake.

"Nimenusa," anasema Mutanu.

"Mungu asifiwe," anajibu Marie-Jeanne. "Miye nanusa samaki ya jana."

Siku ya tatu kunusa kulimchosha, akachukua tupa ya Kinuthia na kisu cha jikoni akaanza kuchonga twiga. Kwani angechonga nini? Twiga amewasugua maelfu. Alifanya kazi siku nzima, akapata malengelenge mawili, na jioni akamwinua yule mnyama mbele ya dirisha ili Kinuthia na Jerusha wamwone kutoka uani. Kinuthia akasogea karibu na kioo.

"Mbuzi huyu amemeza nini kimemkwama shingoni?"

Mutanu alicheka mpaka akajikalisha kwenye mashine ya nyasi. Lakini moyoni alijua tatizo si shingo. Alikuwa anajaribu kupiga kama baba yake, na mkono wake haukuwa wa kupiga.

Kesho yake Jerusha akamtumia video. Jerusha alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kiswahili anakielewa chote, hasa kile cha kusengenya, lakini hujibu kwa Kiingereza. Video ilimwonyesha mwanamke mmoja mchongaji wa Mexico, mvi zimefungwa kitambaa, yuko uani kwake na gogo refu kumzidi. Alikuwa anaeleza maisha yake kwa Kihispania, na Mutanu hakuambulia hata neno. Akaitazama mara kumi na moja. Mwanamke, na patasi mkononi, na hakuna mtu anayemfukuza. Tena hakuwa anapigapiga. Alikuwa anapapasa mti kwa kiganja, anatoa kidogo, anapapasa tena. Chini ya video Jerusha alikuwa ameandika, kwa Kiingereza chake, kwamba huyo mama anaushika mti vile mama yake anavyoshika maembe dukani.

Hapo ndipo Mutanu alipomwacha twiga. Akajiuliza mikono yake inajua nini, na jibu lilikuwa rahisi hata likamwaibisha. Mikono yake inajua wazee. Kwa miaka kumi na miwili amewaogesha, amewageuza kitandani, amewafunga vifungo vya sweta. Anajua bega la mtu wa miaka tisini linavyoshuka, anajua mgongo unavyojikunja mtu akiwa anangoja kuvishwa soksi. Akaagiza dukani patasi mbili na msasa wa kila namba, Kinuthia akaenda kuvipokea kwenye maegesho, na kwa siku tisa zilizobaki akamchonga bibi aliyeketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, kichwa kimegeuka kidogo kama amesikia mtu mlangoni. Patasi ilifanya robo ya kazi. Robo tatu zilikuwa msasa, saa baada ya saa, mpaka yule bibi akawa na ngozi. Siku alipotoka gereji alimbeba kifuani amefungwa taulo, na Kinuthia alipofunua taulo hakupata mzaha wa kusema. Kwa Kinuthia hilo ni jambo kubwa.

Sasa sikiliza kosa lilivyofanyika. Kila Jumapili Mutanu humpigia baba yake kwa video. Mzee Muema alikuwa na miaka themanini na mmoja, mikono imeanza kutetemeka, tezo lake limetundikwa ukutani tangu mwaka 2017. Simu huishika karibu mno, kwa hiyo Mutanu huzungumza na paji la uso. Kuanzia pale mzee alipoacha kazi mazungumzo yao yalikuwa mafupi: afya, mvua, nani amefariki, haya lala salama. Wao huzungumza Kikamba, mimi nakupa kwa Kiswahili. Jumapili hiyo Mutanu alimtumia picha ya bibi kabla ya kupiga simu, na paji la uso likauliza kabla hata ya salamu.

"Nani amechonga huyu?"

Alikuwa amejiandaa kusema. Usiku uliopita alikuwa ameyapanga maneno. Lakini aliposikia ile sauti ya chini, ile ile ya kibandani, akaona sikio la tembo barabarani, na mdomo ukamtangulia.

"Fundi mmoja wa huku, baba. Mkongo. Anaitwa Katembo."

Kwa nini Katembo? Kwa sababu ndilo jina lililokuwa karibu. Katembo ni mume wa Marie-Jeanne, jitu la mwili mkubwa na moyo laini, anafanya kazi ghala moja na Kinuthia. Ukimpa nyundo atakurudishia na kidole kimevimba.

"Nipigie picha ya chini," alisema Mzee Muema.

Mutanu akampindua bibi, akapiga picha, akatuma. Paji la uso likasogea mbele, likasogea nyuma.

"Mwambie huyo Katembo anauogopa mti," alisema mzee. "Bega la kushoto amelisugua badala ya kulikata. Lakini ana mkono. Mwambie nimesema ana mkono."

Mutanu alikata simu akakaa jikoni na simu mapajani. Ana mkono. Miaka thelathini na kitu amelitamani neno hilo, na sasa limekuja, limepelekwa kwa Katembo.

Angeweza kurekebisha wiki iliyofuata. Kinuthia alimwambia arekebishe, Jerusha alimwambia arekebishe, kwa Kiingereza cha hasira kidogo. Lakini wiki iliyofuata Mzee Muema ndiye aliyepiga, mara ya kwanza tangu anunuliwe simu. Alikuwa amekumbuka jambo la kumwambia Katembo. Mti mbichi usiwekwe karibu na hita, utapasuka, aufunge kwenye gunia pamoja na vumbi lake mwenyewe ukauke polepole. Mutanu aligeuka akaona kipande chake cha pili kimekaa sentimita arobaini kutoka kwenye hita. Akakimbia kukifunga. Wiki iliyofuata likaja somo la kukaa: asichonge amesimama, aketi, mti aubane kwa miguu. Halafu somo la kunoa. Halafu lile la kusoma mishipa ya mti kabla ya kuuumiza. Agosti yote, Septemba yote, Mutanu akitoka shifti anavua barakoa, anaoga, anaketi chini gerejini, anabana gogo kwa nyayo na kufanya kile alichoambiwa Katembo. Alichonga bibi anayechanwa nywele, akachonga mzee aliyelala ubavu. Kila picha ilikwenda Wamunyu, na kila picha ya juu ilifuatwa na agizo lile lile: ya chini.

Na mzee akawa mtu mwingine. Alisimulia. Alieleza jinsi alivyokosea kifaru chake cha kwanza, jinsi baba yake alivyomficha nyundo. Katika miezi mitatu alisema maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia Mutanu utoto mzima, yote yakianzia na "mwambie Katembo". Mutanu alifurahi mpaka akaogopa. Sasa hakuwa na neno moja la kupoteza, alikuwa na baba mzima. Siku atakaposema ukweli yale maneno matatu yangerudi, na yakirudi mara hii, aliwaza, sitayamudu.

Oktoba tukafunguliwa. Novemba mzee akasema anataka kumwona Katembo kwa macho.

"Haiwezekani, baba, ana kazi nyingi."

"Mimi ndiye nina kazi nyingi. Nina miaka themanini na mmoja."

Basi Jumapili moja baada ya kanisa, Katembo aliketishwa gerejini mbele ya simu, suti ya ibada bado mwilini, patasi mkononi. Aliishika kama kijiko. Marie-Jeanne alikuwa amemfundisha njia nzima ndani ya gari, na yeye alikuwa anatoka jasho.

"Jambo papa," alisema Katembo. "Ni miye Katembo. Mungu anatulinda, tuko sawa."

"Wewe ndiye unachonga?" Mzee Muema aliuliza, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Ndiyo papa. Nachonga. Nachonga sana."

"Unatumia tezo la namna gani?"

Katembo alimtazama Mutanu, akamtazama Kinuthia, akatazama dari.

"La chuma, papa."

Kinuthia alitoka nje. Tulimsikia uani akikohoa kikohozi ambacho wakati ule kingeweza kumpeleka mtu kupimwa.

"Vizuri," alisema mzee. "La mbao lingekusumbua. Nionyeshe mikono."

Katembo aliinua viganja vyake viwili mbele ya simu, vipana, safi, vimetoka kupakwa mafuta. Paji la uso liliviangalia bila haraka.

"Asante," alisema Mzee Muema. "Nimeona. Mwambie Mutanu nitatuma kitu."

Mzigo ulitumwa Disemba, na kwa posta ya siku zile ungeweza kufika hata baada ya kiama. Wakati unasafiri mambo mengine yalikwenda mbio. Yule bibi wa kwanza, Marie-Jeanne alikuwa amembeba kwa nguvu akamweka mapokezi pale kazini, na familia zilizoruhusiwa tena kuwatembelea wazee wao zilikuwa zinasimama mbele yake. Mama mmoja alimgusa bega akalia, akasema ni mama yake hasa. Mwingine alikuwa anasimamia ukumbi wa sanaa wa kijamii hapo Bankstown, naye akauliza ni nani aliyemchonga. Marie-Jeanne hana kipaji cha kuficha. Ikawa Mutanu ameombwa apeleke vipande vitano kwenye maonyesho ya Aprili, ya watu waliotengeneza kitu wakiwa wamefungiwa. Machi akaletewa fomu.

Fomu ilikuwa na mstari wa jina na mstari wa kazi. Kinuthia alimshauri aandike Katembo, wamalize mchezo. Mutanu akaandika jina lake kwa herufi kubwa. Mstari wa kazi akauacha wazi. Angeandika nini? Mhudumu wa wazee? Mpiga msasa? Fomu ilitakiwa Ijumaa. Jumamosi bango lingetoka na jina lake na picha ya bibi, na wewe unawajua watu wetu na Facebook. Binamu wa Machakos angeliona saa nne na kufika kwa mzee saa sita. Kwa hiyo Mutanu alikuwa na siku mbili za kumwambia baba yake kwa mdomo wake mwenyewe.

Mzigo ukafika siku hiyo hiyo, Alhamisi. Ulikuwa umefunguliwa ukafungwa tena kwa utepe wa wakaguzi wa karantini, wale wanaotazama kila kitu cha mbao kinachoingia nchi hii kisije kikaingia na wadudu. Ndani mlikuwa na gazeti, ndani ya gazeti kipande cha msasa kilichokwisha makali, na ndani ya msasa kichwa cha tezo. Chuma kipya, kimenolewa. Kidogo. Kilikaa vizuri katika kiganja cha Mutanu, na kwa Katembo kingefaa kuchokoa meno. Alitikisa boksi, akalipasua, akapapasa gazeti. Hapakuwa na mpini.

Hapo Mutanu alipandwa na hasira ambayo sijawahi kumwona nayo. Alikuwa ameshaamua moyoni kwamba baba ametuma mpini wake, ule mweusi, na watu wa karantini wameuchukua wakauchoma. Akawapigia simu. Akasikiliza muziki dakika arobaini. Ofisa aliyepokea alimjibu kwa upole kwamba mzigo ulikaguliwa na hakuna kilichoondolewa. Mutanu akamwambia kwamba mpini ule una jasho la miaka hamsini, kama hilo nalo ni mdudu basi amwandikie, akamtakia jioni njema na kukata simu. Halafu akaketi kwenye ngazi ya nyuma, chuma kimo kiganjani, akalia. Alilia kwa sababu ya mpini, na kwa sababu zawadi hiyo ilikuwa ya mtu ambaye hayupo.

Hakungoja Jumapili. Huko Kenya ilikuwa asubuhi. Paji la uso likatokea.

"Baba, mzigo umefika."

"Eeh."

"Wamechukua mpini, baba. Nimewapigia, wamekana. Nisamehe." Akavuta pumzi, na akaona asipoendelea hataendelea tena. "Na kuna jingine. Katembo si fundi. Katembo hawezi hata kupigilia msumari. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye ninayechonga. Yule bibi. Wote."

Kuku alisikika akilalamika mahali fulani nyuma ya mzee. Kisha simu ikashushwa taratibu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Mutanu akauona uso mzima wa baba yake, macho, pua, ndevu nyeupe, na mdomo uliokuwa unajizuia kucheka.

"Mutanu. Wewe unadhani nimeshachanganyikiwa?"

"Hapana, baba."

"Nimepindua kazi yako tangu una miaka sita. Fundi gani anapiga msasa chini ya kitako? Mimi mwenyewe sipigi. Picha ile ya kwanza, uliponionyesha chini, nikajua nazungumza na nani."

Mutanu akahesabu kwa vidole. Miezi minane.

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?" Mzee alikohoa. "Ningesema mapema ungeanza kulia kama unavyolia sasa, na mtu anayelia hasikii. Katembo alisikiliza vizuri sana. Yule mtu wako wa suti naye umpe salamu. Ana mikono mizuri ya kushika sahani."

Mutanu akacheka na kulia kwa pamoja, hana hata aibu.

"Lakini mpini, baba."

"Mpini gani? Sikuweka mpini." Sauti ikashuka, ile ya chini, ya kibandani. "Nilimwambia mhunzi apige tezo dogo, la mkono wako. Lile langu lilikuwa zito kwako. Ndiyo maana sikio liliruka. Nililijua hilo siku ile ile, na sikulisema." Kisha akaendelea kwa ukali wake wa kawaida. "Tangu lini kibandani kwangu fundi akapewa mpini? Umeshauchonga?"

"Bado. Limefika leo, baba."

"Sasa unanipigia simu ya nini?"

Na simu ikakatwa.

Kinuthia alimkuta gerejini ameketi sakafuni, anachambua vipande vya mkafuri, anavinusa kimoja kimoja. Alikuwa amemletea ile fomu na kalamu. Akamwonyesha kwa kidole mstari wa kazi, akamwambia hapa hujajaza, na kesho ndiyo Ijumaa.

"Iweke hapo juu ya mashine," alisema Mutanu. "Nitaujaza nikimaliza mpini."